Je, Mwuzaji ni Mlinzi wa Mnunuzi Wake?

Amri ya tano ya Mungu yakataza kuua. Kila mkatekumeni huijua amri hiyo tangu siku za kwanza za mafundisho, na akiulizwa huijibu upesi pasipo kusita, kwa maana hadhani kwamba atamwua mtu siku yo yote ya maisha yake. Lakini amri ya Mungu ni kama mto. Ukingoni hata mtoto aweza kusimama. Katikati pana kina, na mtu mzima asiyeangalia huchukuliwa na maji. Liko swali moja la amri hiyo ambalo halijibiwi upesi, nalo ni hili: Mtu anayeuza kitu cha halali, akisikia katika maneno ya mnunuzi dalili kwamba huyo ataka kujiua kwa kitu kile kile, yampasa kutenda nini? Auze na kunyamaza, kwa kuwa kazi yake ni kuuza? Akatae na kumwacha aende zake? Au liko jambo la tatu linalompasa?

Swali hili halikutungwa kwa ajili ya kuwajaribu wanafunzi. Liliwapata watu wa kweli katika nchi ya mbali, nao walilijibu kwa matendo. Yafaa kusikia kwanza habari yao, kisha kulipima jambo lenyewe.

HABARI YA NEW HAMPSHIRE

Huko Marekani, upande wa kaskazini na mashariki, liko jimbo dogo liitwalo New Hampshire. Ni nchi ya misitu na milima. Wako wawindaji huko, na bunduki huuzwa madukani hadharani kwa ruhusa ya serikali. Mwaka 2009, katika muda usiotimiza juma moja, watu watatu walinunua bunduki katika duka moja. Hawakuwa ndugu wala rafiki. Hapakuwa na jambo lililowaunganisha ila duka lile. Kila mmoja alilipa, akatoka na bunduki yake, na kabla ya saa nyingi kupita alikuwa amejiua.

Mwenye duka aliitwa Bwana Ralph Demicco. Angaliweza kusema, “Mimi nauza, atendalo mtu baada ya kutoka mlangoni kwangu ni shauri lake.” Wengi wangalimwelewa. Lakini hakukubali kuutuliza moyo wake kwa neno hilo. Alikaa pamoja na watu wengine, baadhi yao wauzaji na wapenzi wa bunduki, baadhi yao watu wa kazi ya afya wanaojitahidi kuzuia watu wasijiue. Katika nchi ile makundi hayo mawili hubishana mara nyingi juu ya sheria za bunduki. Safari hii waliacha ubishi. Waliuliza neno moja tu: mwuzaji aliye mbele ya mtu mwenye kukata tamaa aweza kufanya nini?

Waliandika karatasi za kuwafundisha wauzaji, na matangazo ya kubandikwa ukutani ili wanunuzi wayasome. Karatasi hizo zilieleza dalili za kuangaliwa: mtu asiyejua kitu juu ya bunduki, wala hataki kujua, mtu ataka yo yote, mradi aipate upesi, mtu hajali namna ya kuitunza, mtu ana machozi, au ataja kwamba ameachwa na mke au amepoteza kazi, mtu atamka neno lenye maana ya kwamba hatakuwapo kesho. Tena zilimkumbusha mwuzaji ya kuwa hapana sheria inayomlazimisha kumwuzia kila mtu. Zilipopelekwa katika maduka ya jimbo, karibu nusu ya maduka yaliyokaguliwa baadaye yalionekana yameziweka. Baadaye majimbo mengine yakafuata mfano huo.

Liko jambo jingine la kupendeza katika habari hiyo. Wenye bunduki wa nchi ile walikuwa na desturi ya kufundishana amri kumi za usalama, kama vile kutoelekeza bunduki kwa mtu. Wale wa New Hampshire waliongeza ya kumi na moja: iwapo nyumbani yumo mtu anayeweza kutaka kujiua, bunduki itolewe na kuwekwa mahali pengine kwa muda, hata dhiki ipite. Haja ya amri hiyo yaonekana kwa hesabu. Mwaka 2022 watu 48,204 walikufa kwa bunduki katika Marekani, na 27,032 kati yao walijiua wenyewe. Wengi hudhani ya kwamba hatari ya bunduki ni mwizi wa usiku. Kumbe zaidi ya nusu ya waliokufa, mkono uliowaua ulikuwa mkono wao.

WAUZAJI WATATU

Sasa lipimwe swali lenyewe. Afikiriwe mtu mmoja aingiaye katika duka la namna ile wakati wa jioni. Mwenye duka amwuliza, “Bwana, waitaka ya kuwindia mnyama gani?” Ajibu, “Yo yote. Ile ya bei ndogo yatosha.” Mwenye duka aanza kumwonyesha namna ya kuisafisha, mtu yule atazama dirishani. Amwuliza tena, “Utachukua na mafuta yake, isishike kutu?” Naye asema polepole, “Haitakaa kwangu hata ishike kutu.” Kisha aweka fedha mezani.

Neno lile ni dogo. Laweza kuwa mzaha wa mtu aliyechoka. Laweza kuwa kilio. Mkono wa mwuzaji u juu ya bunduki, fedha i juu ya meza, na hapana mtu mwingine aliyesikia.

Mwuzaji wa kwanza hakulisikia neno lile, au alilisikia pasipo kulifahamu. Ameuza. Kesho yake apata habari ya kifo, naye alia, “Mimi ndimi niliyemwua!” Huyu apaswa kuambiwa kweli na kwa upole: la, si yeye. Dhambi yataka mtu ajue na kukubali. Asiyejua, wala hakujizuia kujua, hana hatia mbele ya Mungu, hata kama moyo wake una jeraha. Watu wasimwongezee mzigo, wala yeye asijitwike. Lakini jeraha lile lina kazi yake: limfundishe kusikia vizuri zaidi siku nyingine.

Mwuzaji wa pili alisikia, akajifanya hakusikia. Moyoni mwake sauti ilisema, “Mwulize.” Akaijibu, “Huenda nimekosea, na wakati wa kufunga duka umefika.” Huyu baadaye atasema, “Sikujua.” Neno lake lina sura ya kweli, lakini si kweli. Kutojua kuko kwa namna mbili: kuko kutojua kwa mtu asiyepata nafasi ya kujua, na kuko kutojua kwa mtu aliyefumba macho ili asione. Kwa namna ya pili haki ya Mungu haidanganywi. Kaini alipoulizwa na Mungu habari za ndugu yake, aliuliza kama yeye alikuwa mlinzi wake. Swali lile lilikuwa la kukwepa, wala Mungu hakulikubali.

Mwuzaji wa tatu alisikia, akafahamu, akarudisha bunduki mahali pake. Akasema, “Bwana, mtu kama wewe siwezi kumwuzia. Ondoka.” Akafunga mlango, akafurahi kwa kuwa mikono yake i safi. Je, amefanya vema? Amefanya nusu. Hakushiriki katika kifo, na hiyo si kazi ndogo. Lakini mtu yule yuko njiani gizani, na sasa ana aibu juu ya huzuni yake. Pilato naye alinawa mikono. Maji yale hayakumwokoa mtu. Amri ya tano haisemi tu, usiushike mkono wa muuaji. Yataka pia uhai wa jirani ulindwe na kila mtu mwenye uwezo wa kuulinda, na katika saa ile mwuzaji ndiye pekee mwenye uwezo.

Basi anatakiwa mwuzaji wa nne, yule asiyeuza na asiyefukuza: aulizaye, na kukaa naye. Juu yake yatasemwa mengi hapa chini. Kwanza yajibiwe maneno ambayo watu hujitetea nayo.

MANENO YA KUJITETEA

Wengine husema, “Biashara ni biashara. Mtu mzima ana fedha zake, na sheria yamruhusu.” Jibu ni rahisi. Sheria ya serikali yamruhusu mtu kuuza. Haimwamuru kuuza kila saa na kwa kila mtu. Mwenye mtumbwi huvusha watu kwa malipo, lakini mto ukifurika hukataa malipo. Hapana anayesema kwamba ameidharau biashara. Husemwa kwamba ni mtu wa akili.

Wengine husema, “Nikimwuliza juu ya kujiua, nitampa wazo asilokuwa nalo.” Hofu hii ni ya watu wema, kwa hiyo yafaa kujibiwa kwa uangalifu. Wenye elimu ya magonjwa ya moyo na akili wamelichunguza jambo hili mara nyingi, nao wameona ya kwamba swali la wazi, likiulizwa kwa upole, halimpandi mtu mbegu ya kifo. Aliye na wazo lile amekuwa nalo siku nyingi, peke yake, kama mtu abebaye mzigo usiku asione mahali pa kuutua. Akiulizwa, mara nyingi hupumua. Asiye nalo atasema tu, “La, sina wazo hilo,” na maisha yataendelea.

Wengine husema, “Nikimwuliza nami nimekosea, nitamwaibisha mtu mzima.” Yawezekana. Aibu hiyo yaweza kuombewa msamaha siku ya pili. Kifo hakina siku ya pili. Mtu apimaye mambo kwa mizani ya haki hatasita kuchagua.

Lakini neno lenye nguvu kuliko yote ni hili: “Akinyimwa hapa atapata pengine. Aliyekusudia kufa hazuiliki.” Wengi huliamini neno hili, hata wazee wenye hekima, na kwa sababu yake hukaa kimya. Nalo si kweli.

Nia ya kujiua kwa watu wengi haifanani na mwamba. Yafanana na dhoruba: yaja kwa nguvu, yavunja miti, kisha yapita. Wataalamu waliwafuata kwa miaka mingi watu walionusurika baada ya kujaribu kujiua. Waliona kwamba katika kila 10, kadiri ya 9 hawakufa baadaye kwa kujiua. Katika mji wa Houston, huko Marekani, watu 153 wenye miaka 13 hadi 34, walionusurika kwa shida, waliulizwa ni muda gani ulipita tangu kukata shauri hata kutenda. Karibu robo yao walijibu kwamba haukupita hata muda wa dakika 5. Dakika tano! Mtu hawezi kupika uji kwa muda huo. Na kama shauri laweza kuja kwa dakika tano, basi mwuzaji anayemzuia mtu kwa saa moja amempa zawadi kubwa sana.

Uko na ushahidi wa nchi nzima. Katika kisiwa cha Sri Lanka wakulima wengi walikuwa wakijiua kwa sumu za shambani. Tangu mwaka 1995 serikali ilikataza zile zilizo kali zaidi. Huzuni za watu hazikukatazwa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa ikiendelea, na umaskini ulikuwapo. Hata hivyo, ilipofika mwaka 2005 kiasi cha watu waliojiua, kwa kulinganisha na hesabu ya wenyeji, kilikuwa kimeshuka kwa nusu. Maelfu ya watu waliishi kwa sababu kitu kile hakikuwa karibu katika saa mbaya. Kwa hiyo asemaye, “Atapata pengine,” amwache apate pengine jambo jema: chakula, usingizi, na mtu wa kusema naye. Mara nyingi hicho ndicho atakachopata, akicheleweshwa.

MANENO MAKAVU NA MKATE

Katika Maandiko Matakatifu zimo habari za watu watatu waliofika ukingoni mwa kifo, na wakatekumeni wazisikiapo hawakosi kufahamu.

Wa kwanza ni Yuda. Baada ya kumtoa Bwana wake, moyo ulimwuma. Alizirudisha fedha kwa makuhani wakuu, akakiri mbele yao kwamba amemtoa mtu asiye na kosa. Mtu anayetupa fedha alizozitamani, na kujishtaki mwenyewe, anaonyesha dalili kubwa. Nao walimjibu nini? Walimwambia kwamba jambo lile haliwahusu, na aliangalie mwenyewe. Akatoka, akaenda kujiua. Watu husimulia dhambi ya Yuda kila mwaka; ni wachache wakumbukao wale waliosikia kilio chake wakageuza uso. Walikuwa makuhani, kazi yao ilikuwa kuwapatanisha watu na Mungu, nao siku ile hawakuwa na nafasi.

Wa pili ni nabii Eliya. Alimkimbia Yezabeli hata jangwani, akakaa chini ya mti, akamwomba Mungu amtwae roho yake kwa kuwa amechoka. Mungu hakumkaripia. Hakumwambia kwamba nabii mkubwa hapaswi kunena hivyo. Alimwacha alale, akamtuma malaika amguse, ampe mkate wa moto na mtungi wa maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Baada ya hapo tu ndipo safari ilipoendelea. Hapa Mungu mwenyewe amefundisha utaratibu: kwanza mkate, baadaye maneno.

Wa tatu ni mlinzi wa gereza la Filipi. Usiku wa manane nchi ilitetemeka, milango ikafunguka, naye akadhani wafungwa wamekimbia. Akauchomoa upanga ili ajiue. Paulo alikuwa mfungwa wake. Miguu yake ilikuwa imefungwa katika mti kwa mkono wa mtu huyo huyo. Angaliweza kunyamaza, na adui yake angalikufa. Lakini Paulo alipaza sauti kwa nguvu gizani, akamkataza asijidhuru, akamjulisha ya kuwa wote wapo. Sauti moja, na upanga ukarudi. Usiku ule ule mlinzi yule alibatizwa, yeye na watu wa nyumba yake. Mkatekumeni na akumbuke: mtu aliyekuwa amebakiza nukta chache za maisha alipokea ubatizo kabla ya mapambazuko, kwa sababu mwingine hakuona haya kupaza sauti.

NAMNA YA KUTENDA

Basi mwuzaji wa nne atatenda nini?

Kwanza azuie mkono wake. Asitoe kitu kile. Si lazima kugombana, aweza kusema, “Ndugu, leo siuzi. Keti kidogo.”

Pili aulize waziwazi, pasipo kuzungusha. “Neno ulilosema limenigusa moyo. Je, unafikiri kujiua?” Watu wengi hupenda kuuliza kwa namna ya kukataza: “Huna mawazo mabaya, sivyo?” Swali la namna hiyo humfunga mtu kinywa, kwa maana limekwisha mwonyesha jibu linalotakiwa.

Tatu asikilize. Asimwambie kwamba wako wenye taabu kuliko yeye. Asimtishe kwa moto wa milele. Asimhesabie makosa yake. Mtu aliye katika hali ile amekwisha kujihukumu kuliko hakimu ye yote. Wengi hawafikiri kuwa wataka kufa hasa. Wataka maumivu yaishe, wala hawaoni mlango mwingine.

Nne asimwache peke yake. Aitwe ndugu anayempenda, au rafiki, au mwuguzi, au padri. Na mmoja aketi naye mpaka saa mbaya ipite. Katika Marekani, tangu mwaka 2022, hata namba ya simu iko kwa ajili hiyo, 988, nayo hujibiwa mchana na usiku. Mgonjwa yule akisema, “Usimwambie mtu,” asikubaliwe. Siri ya kitubio ni ya padri. Mfanya biashara hakuwekewa mikono kwa kazi hiyo, na siri iletayo kifo haimfungi.

Tano wauzaji wenziwe wajulishwe kwa busara, pasipo kumtangaza mtu, na vitu vya hatari nyumbani kwake viondolewe kwa muda.

Sita arudi kumtazama kesho. Aliyeokolewa Jumatatu na kusahauliwa Jumanne atadhani ya kwamba aliokolewa kwa hofu, si kwa upendo.

HAPA VIJIJINI

Pengine msomaji atasema, “Habari hii ni ya nchi yenye maduka ya bunduki, kijijini duka hilo haliko.” Ni kweli, lakini swali lenyewe limo kijijini. Yuko mwindaji mwenye bunduki, na jirani amwomba kuiazima, ingawa hakuwinda tangu kuzaliwa. Yuko mama auzaye sokoni dawa ya kuua wadudu wa shamba, na kijana aliyefiwa na mkewe ataka chupa moja, asiulize hata ni ya mmea gani. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka duniani, na wengi wao hukaa katika nchi zisizo na mali nyingi. Mama yule wa sokoni ana haki ya kuficha chupa chini ya kitenge na kusema, “Mwanangu, shamba lako liko wapi? Keti hapa, unieleze.” Akipoteza faranga za chupa moja, hakupoteza kitu.

Tena yafaa jambo hili lisemwe wazi vijijini, ili aibu isiwazibe watu vinywa. Zamani sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi matakatifu wale waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena katika hesabu ya wanaonyimwa. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha ya kwamba kujiua ni kosa zito, lakini pia kwamba hofu kubwa, mateso au ugonjwa wa akili vyaweza kupunguza hatia, na kwamba Eklezya huwaombea waliokufa hivyo pasipo kukata tamaa juu ya wokovu wao. Hayo hayakuandikwa ili kifo hicho kionekane chepesi. Familia yenye msiba isitupiwe mawe, na mwenye mawazo hayo ajue kwamba akiyasema hatafukuzwa.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Mwuzaji asiyejua nia ya mnunuzi, je, ana hatia?
Jibu: Hana, kama hakufumba macho kwa kusudi.

Swali: Aliyesikia dalili, je, yatosha akatae kuuza?
Jibu: Haitoshi. Yampasa pia kuuliza, kusikiliza, na kutomwacha mtu yule peke yake.

Swali: Je, ni kweli kwamba aliyekusudia kujiua hazuiliki?
Jibu: Si kweli. Saa mbaya hupita, na walio wengi kati ya walionusurika hawafi baadaye kwa kujiua.

Swali: Je, mwuzaji ni mlinzi wa mnunuzi wake?
Jibu: Ndiyo. Mnunuzi akisimama mbele yake na huzuni ya namna ile, ni ndugu yake, na bei ya ndugu haiandikwi ukutani mwa duka.